Kijiko cha Kijani, Futi Mia na Kumi

Jumatatu, 18 Agosti

Katika Ghuba nzima ya Keweenaw, hapa kwenye ziwa letu la kaskazini, hakuna anayejua kuvua trauti kunishinda mimi, Wilho Saarenpää. Picha iko ukutani jikoni: mimi, kofia yangu, na samaki mrefu kama mguu wangu. Ushahidi!

Haya, basi. Samaki yule ni wa shemeji yangu Taisto. Aliniomba nimshikie wakati anafunga kamba za viatu. Mpiga picha akapita. Ningefanyaje?

Leo asubuhi mke wangu Hilja ametoa tangazo huku nikinywa kahawa. Jumapili kitukuu wetu anabatizwa. Watu wa kanisa watakuja kula kalamojakka, supu yetu ya samaki, viazi na maziwa. Nikileta trauti wa supu, mashua yangu inabaki bandani. Nisipoleta, mashua inakwenda kwa kaka yake, huyo huyo Taisto, na bandani kinaingia kitanda cha Hilja cha kufumia mazulia. Amesema mashua inakula nafasi bure, haizai, haichumi, kama mume mmoja anayemfahamu. Nimeuliza mume gani. Akanimiminia kahawa nyingine.

Mashua yangu! Niliijenga kwa mikono hii. Inavuja upande mmoja tu.

Na kazi si ndogo. Mwisho wa kiangazi maji ya juu ya ziwa yana joto, na trauti joto halitaki. Anashuka kwenye baridi, anakaa huko chini kama tajiri. Lazima umfuate kwa kukokota: mashua inakwenda taratibu, chambo kinaburutwa nyuma yake, kilindini. Swali ni kukokota kwa zana gani. Nimemwaga kila kitu mezani. Donge la madini ya risasi, zito kama kichwa cha mtoto, na winchi ya kulishushia. Waya wa shaba wa marehemu baba, ule unaovutwa kwa mkono. Sahani za kumetameta za kumwita samaki. Vijiko vya bati vya rangi zote, kila kimoja na ndoana yake. Nimeshindwa kuchagua. Kwa hiyo nimechagua vyote. Akili hiyo!

Jumanne, 19 Agosti

Nimeshusha vyote kwa pamoja. Waya wa shaba ukaipenda kamba ya donge. Sahani zikaja harusini. Nilipogeuza mashua, ukoo mzima ukaingia kwenye pangaboi. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Nikabaki naelea na kisu mkononi, nakata ndoa.

Nani apite? Taisto. Mashua nyeupe, trauti wawili wanene wamelala sakafuni. Akapunguza mwendo ili nimsikie vizuri. "Shemeji! Unavua au unafuma? Zulia likiisha mpelekee Hilja, kitanda hatakihitaji tena!" Nikamwambia hii ni mbinu mpya. Akasema anaiona, na samaki nao wameiona, ndiyo maana wamehama.

Kisha akanivuta kwa kamba yake hadi gatini. Mbele za watu. Hilo nalo ni tusi.

Hilja ameuliza samaki yuko wapi. Nimesema leo ilikuwa siku ya majaribio. Ameanza kupima banda kwa hatua.

Jumatano, 20 Agosti

Nimefikiri. Zana zangu hazina kosa. Ninachokosa ni siri mbili za Taisto: rangi ya kijiko chake, na kina anachokishushia. Kijiko hukifunika taulo kabla hajafika gatini, utadhani bibi harusi. Na kina? Muulize uone! Nimemuuliza leo kwenye meza ya kupasulia samaki. Akasema futi thelathini, macho makavu. Waliokuwa karibu wakaanza kukohoa.

Hapa kwetu gatini hakuna asemaye kweli juu ya kina, na kwenye redio za mashua ndiyo kabisa. Mtu akisema samaki wako juu, wewe shuka. Akisema mashariki, elekea magharibi. Si dhambi, ni adabu ya kazi. Mwaka jana mimi mwenyewe nilipeleka mashua tele kwenye mwamba mtupu kwa sauti yangu tu. Wenyewe walinisifu.

Lakini ndani ya sauna, chumba chetu cha kuogea kwa mvuke! Mle hatutukani, hatugombani, hatudanganyi. Mama zetu walitulea hivyo. Sauna ni kanisa, ila umevua nguo. Na leo ni Jumatano, siku ya sauna! Nimemwalika Taisto. Nimechanja kuni kavu kabisa. Hilja ameuliza ukarimu huu umenianza lini. Nimesema undugu ni kitu kikubwa.

Alhamisi, 21 Agosti

Amesema! Amesema yote!

Jana jioni tulikaa benchi la juu, sisi wawili. Nikamwagia mawe maji, mvuke ukapanda, nikauliza bila kuzunguka: rangi gani, kina gani. Akajifuta jasho. Nikamwaga tena. Akajifuta tena. Nikamwaga ndoo yote. Masikio yangu yalikuwa yanaiva, lakini mwenyeji hashuki kabla ya mgeni. Mwishowe akatoa sauti ndogo. Kijani, chenye madoa ya rangi ya chungwa, kama chura mgonjwa. Futi mia na kumi. Mwendo wa bibi kizee anayekwenda kupokea Meza ya Bwana. Halafu akasema, "Wilho, unaniua kwa ajili ya kijiko." Nikamwambia hata mimi nakufa, tutoke.

Leo upepo mkali umevuma kutwa kutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Hakuna mashua iliyotoka. Heri kwangu, nimepata wasaa. Kijiko changu cha kijani kiliishia kwenye pangaboi Jumanne, na dukani vimekwisha. Basi nimefungua kabati la Hilja. Mle kuna vijiko vya kahawa vya fedha alivyoachiwa na mama yake, vinavyotolewa kwa ubatizo na mazishi tu. Viko vingi. Nimechukua kimoja, nikakata mpini kwa msumeno, nikatoboa matundu, nikapaka rangi ya kijani ya mlango wa banda. Madoa nimeyaweka kwa kidole. Kimetoka kizuri hata chura angepeleka posa.

Ijumaa, 22 Agosti

Sina nguvu za kuandika. Naandika.

Upepo ulikufa alfajiri. Nikatoka wa kwanza. Futi mia na kumi barabara, mwendo wa bibi kizee barabara. Nikasuuza kikombe ziwani, vidole vikafa ganzi. Maji ya juu baridi kama ya Aprili! Nikajisemea ndiyo uzee, damu imepungua. Nikaendelea.

Hakuna kitu. Jua likapanda. Hakuna. Kutazama huku na huku, mashua zote fimbo za kuvulia zimepinda! Watu wanacheka, wanaitana, wanapokezana nyavu. Ndipo redio ikaongea, sauti ya Taisto: "Wilho, shemeji yangu, pandisha donge! Samaki wako juu, futi kumi na tano, wamejaa. Pandisha!"

Nikacheka mpaka machozi. Juu! Mwezi wa Agosti! Redioni! Mtoto nani hapa? Nikajibu asante sana shemeji, napandisha, nikashusha hadi mia na arobaini. Akarudia, safari hii karibu analia. Akasema haki ya Mungu, Hilja ndiye aliyemwomba anisaidie, hataki kuniona natembea ufukweni bila mashua. Nikaona mtu huyu sasa amevuka mpaka, anamtia hadi dada yake kwenye uongo wa samaki. Nikashusha tena.

Donge likapiga mwamba, likang'ang'ania. Mashua ikasimama, ikainama, ikaanza kunywa maji kwa nyuma. Nikakata kamba zote kwa kisu. Donge, sahani na kijiko cha mama mkwe, vyote mali ya ziwa. Nimerudi nimeketi ndani ya maji, bila samaki hata wa paka.

Jumamosi, 23 Agosti

Kutwa upepo umegeuka, unatoka ziwani. Nimeziba matundu ya mashua, bado inavuja upande ule ule. Jioni, sauna. Taisto alikuja mwenyewe, akapanda benchi la juu, na pale nikamwuliza lini alisema kweli: Jumatano au Ijumaa?

Siku zote mbili, akasema. Jumatano walikuwa chini. Kisha upepo wa nchi kavu ukasukuma maji ya joto yote mbali, baridi ikapanda juu, na trauti wakapanda nayo. Kila mzee wa ziwa hili anajua. Hata mimi najua! Niliwahi kuwafundisha wageni jambo hili, nikalipwa kwa soseji. Lakini nilimwambia Taisto kwamba ukweli uliosemwa saunani unapaswa kudumu angalau hadi Jumapili. Akasema, "Kaliambie ziwa."

Kisha akafanya jambo la ajabu. Akasema ana trauti mkubwa kwenye barafu. Nimchukue, nimwambie Hilja nimemvua mimi, mashua ibaki, naye hatafungua kinywa hadi kaburini.

Angesema hayo gatini, ningepokea kwa mikono miwili na mfuko. Lakini saunani! Kupanga uongo pale juu, mawe yanasikia! Nikakataa kwa heshima zote. Tulipotoka nje kupunga upepo nikasimama karibu naye, nikasubiri arudie. Nikakohoa. Nikasema usiku mzuri wa samaki huu. Hakurudia. Alidhani nimeokoka.

Jumapili, 24 Agosti

Bado kulikuwa na asubuhi. Ibada ni saa nne. Nikatoka gizani na vijiko vyangu vya dukani, vyote juu, futi kumi na tano. Sidanganyiki mara mbili. Nikasuuza kikombe: maji ya uvuguvugu, ya kuogeshea mtoto. Nikamshukuru Mungu, damu imerudi.

Hakuna samaki. Upepo wa jana umerudisha maji ya joto, nao wamerudi zao chini. Hili nimeelewa kengele ya kanisa ikilia, niko mbali na nchi kavu, suruali ya kanisani iko nyumbani.

Nimeingia mtoto akiwa tayari amelowa. Nikasimama nyuma, nanuka petroli. Mtoto alilia aliponiona. Ana akili.

Supu ilikuwa ya trauti wa Taisto. Tamu kupita kiasi. Nimekula mabakuli matatu kwa hasira. Ikaja kahawa na nisu, mkate wetu mtamu wenye iliki, Hilja akagawa vijiko vya mama yake, akafika kwa mchungaji, mkono mtupu. Akahesabu upya. Kisha akaniangalia vidole. Rangi ya mlango wa banda haitoki upesi, na ya chungwa ndiyo mbaya zaidi.

Nilingoja kelele. Bora zingekuja. Alimgeukia Taisto, akamwambia polepole, "Kaka, kesho lete tela." Taisto akatazama bakuli lake. Akasema, "Dada, mpe wiki nyingine." Hilja akasema wiki nyingine atakatiwa sufuria.

Jumatatu, 25 Agosti

Imeondoka. Banda likawa kubwa ghafla, lina mwangwi. Sakafuni kuna doa la mafuta lenye umbo lake. Hilja alitaka kulisugua, nikamwomba aliache. Akaliwekea zulia juu bila kulisugua. Sijui kama ni upole au ni nini. Sasa kitanda kimeingia, na yeye anafuma huku anaimba, na mimi nimeketi kizingitini natafakari makosa yangu kama mtu mzima.

Nimelipata kosa. Si upepo. Si kina. Si redio. Ni kijiko: kilikuwa kidogo! Trauti mkubwa wa kilindini ataonaje kijiko cha kahawa? Anataka kitu cha kushiba macho. Upawa wa supu! Vijiko Hilja sasa anavihesabu asubuhi na jioni. Upawa hana haja ya kuuhesabu, uko mmoja tu. Mpini nimeshakata.

Tatizo ni kwamba sina mashua. Taisto anayo, na kesho anatoka nayo kuijaribu. Nitamwambia hivi: Shemeji, tela lako lilipozama kwenye tope pale langoni, nani alisukuma? Mgongo huu. Nilisukuma mashua yangu mwenyewe iende zake, nawe ukashika usukani tu. Basi ninakudai wema kidogo, na sitaki makuu. Nipitie asubuhi. Honi usipige. Nitakuwa nyuma ya banda na gunia, usiulize lina nini. Niachie fimbo moja tu, upande ule unaovuja.