Mlango wa Mwalimu Tsofa Ufungwe Tena

Bombolulu,
nyuma ya kanisa.

Kwa Mwalimu Mkuu, Bi. Rispa,
Shule ya Msingi Mwamlango, Kisauni.

Mpendwa Mwalimu Mkuu,

MINTARAFU: OMBI LA KUFUNGA MLANGO WA GREDI YA SITA KAMA ZAMANI

Nakusalimu katika jina la Bwana. Sisi huku tu wazima kwa neema yake; mgonjwa ni amani ya nyumba yangu, na dawa naamini unayo wewe. Mimi ni mkewe Mwalimu Tsofa wa gredi ya sita. Shule niliishia darasa la saba, kwa hivyo kalamu ikiteleza unistahi.

Ijumaa wazazi tumeitwa tuamue kama walimu waendelee na ile Alhamisi yao ya kufundishana, au iondolewe. Mimi nasema iondolewe. Sababu zangu ni hizi.

1. Mume wangu amefundisha hesabu zaidi ya miaka ishirini, mlango umefungwa. Aliyoyafanya mle ndani aliyajua yeye, watoto na Mungu, na wote walinyamaza. Sasa walimu wanapigiana hodi. Mwenye kupiga hodi hukaribishwa, akakaa nyuma kwenye dawati la mtoto, akatazama kimya. Mtu mzima mwenye cheti, magoti yamemfika kidevuni, eti anajifunza kwa mwenzake! Kwetu sisi hodi hupigwa na aliyeishiwa chumvi.

2. Alhamisi ya kwanza alirudi akitabasamu, akasema mbele ya sufuria yangu, "Mama Mapenzi, leo nimemtazama Judy kipindi kizima. Yule binti ana ufundi!" Bi. Rispa, wewe ni mwanamke mwenzangu. Nilizima jiko. Nikamwendea mchungaji, nikafunga, na akina mama wa kwaya wakafunga pamoja nami, wakikemea kila roho iliyoanza na herufi J. Kumbe Mwalimu Judy alikuwa akifundisha nusu na robo kwa kukata chapati, na robo moja mume wangu alikuwa nayo mfukoni, amenibebea nionje. Kwaya nzima ilikuwa imefunga kwa ajili ya chapati.

3. Tangu siku hiyo hakuna chapati inayoliwa kwangu kabla ya kuhojiwa. Inakatwa, watu wanaulizwa nusu ya robo ni ngapi, na anayejibu haambiwi amepata wala amekosa. Anaulizwa, "Umejuaje?" Chai inapoa mtu akitetea jibu lake. Binti yetu Mapenzi, aliye gredi ya tisa, zamani akiona kitabu cha hesabu mkononi mwa babake alikumbuka ghafla kuwa vyombo havijaoshwa. Nilikuwa na vyombo safi kuliko nyumba yoyote ya Bombolulu. Sasa anakaa mezani na babake wakibishana na kucheka, anamwambia, "Baba, hapo umejichanganya," naye anafurahi! Vyombo naosha mimi.

4. Nimeambiwa mna sheria: aliyemtazama mwenzake hasifu wala halaumu, anaanza na neno "nimeona". Shuleni huenda likafaa, jikoni halifai. Mume wangu wa zamani alisema chumvi imezidi, tukagombana, tukalala. Huyu wa sasa anasema, "Nimeona leo nimekunywa maji mengi." Sasa hapo mtu utagombana na nani?

5. Halafu mmewafundisha, au wamefundishana, kwamba ukiuliza swali unyamaze, umwachie mtoto nafasi ya kufikiri. Yeye kalipeleka hilo kanisani. Jumapili alipewa aongoze maombi ya toba. Akauliza, "Nani hapa amemkosea jirani yake?" Kisha akanyamaza. Tukangoja amina, amina haikuja. Feni za darini zilisikika zikizunguka. Mwishowe jirani yangu Kahaso akasimama akasema sufuria yangu kubwa iko kwake tangu Pasaka. Nami sufuria hiyo nilikuwa nimeshamsingizia mtu mwingine, tena yuko benchi la mbele. Ibada gani hiyo ya kutoana jasho?

6. Hili ndilo lililoniliza. Kaka yangu Nguma alikuja kutoka Kaloleni, akauliza kwa nini muhogo wa shamba lake moja ni mchungu na wa la pili ni mtamu. Zamani mume wangu angejibu papo hapo, iwe kweli isiwe kweli, sote tukaridhika kuwa tuna msomi. Safari hii akasema, "Shemeji, sijui. Wewe umeona nini?" Mwalimu, mbele ya ukoo wangu! Nguma, ambaye tangu harusi yetu hajasema kwangu zaidi ya "nashukuru, nimeshiba", alizungumza mpaka birika la pili likaisha. Akarudi kwao akitangaza kuwa sasa wana shemeji. Je, miaka yote hii walikuwa na nani?

7. Na Alhamisi ijayo ni zamu ya mume wangu kutazamwa. Mtu ambaye hakuwahi kumwogopa mkaguzi anamwogopa Judy. Shati amelipiga pasi, akalikunjua, akalipiga tena. Nimemkuta jikoni akiyafundisha masufuria, akiyauliza swali na kuyangoja. Ameniambia kwa sauti ndogo, "Wakiona sijui kufundisha, je?" Sijapata kumsikia na sauti hiyo. Mlango ungalifungwa, asingaliulizwa.

Tena fikiri ugonjwa huu ukivuka ukuta wa shule. Madaktari wapigiane hodi, wachungaji wakae nyuma kusikiliza mahubiri ya wenzao, waheshimiwa bungeni waseme, "Sijui, tutafute pamoja." Tutaongozwa na nani? Watasema penye wengi hapaharibiki neno. Kwangu limeharibika.

Kwa hivyo naomba Alhamisi ifutwe, milango itiwe komeo kwa ndani, na kila mwalimu apewe cheti cha Kumaliza Kujua, kitundikwe ukutani, asisumbuliwe tena hadi kustaafu.

Wasalimie walimu wote, mlinzi wa lango na mama wa uji. Mwalimu Judy naye msalimie, sina kinyongo. Bwana akutangulie katika uamuzi ulio mwema, yaani wangu.

Ni mimi mwombezi wako,
Mama Mapenzi (Bi. Tsofa)

Tanbihi: Barua nilikuwa nimeshaikunja, mara Baba Mapenzi akasimama kwenye mlango wa chumba chetu, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akapiga hodi. Akaniuliza kama Alhamisi nitakuja nikae nyuma, kwani nikiwako hatatetemeka. Miaka yote hii sijawahi kumwona akifundisha. Nikanyamaza kama anavyonyamaza yeye. Akangoja. Nikamwambia karibu, na nitakuja.

Basi Ijumaa mkono wangu ukiuona umeinuka pamoja na wanaotaka iendelee, usishangae, na barua hii usiwasomee watu. Unitafutie kiti, dawati magoti yangu hayaliwezi. Na umwambie Mwalimu Judy chapati za siku hiyo nitapika mimi. Zake, nimeona, ni nene.