Sanduku la Spana Kutoka Wamaza

Jumatatu, 15 Julai 2024

Muhindo amefungua tena sanduku lake jekundu mbele ya watu. Makusudi! Hulifungua kila asubuhi, droo moja baada ya nyingine, polepole, wateja wakimkodolea macho. Muhindo huyu ni fundi wa pikipiki kutoka Butembo. Alikuja hapa Kasongo akiwafuata wachimba dhahabu, dhahabu akaikosa, akaweka garaji ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na yangu. Hanishindi ufundi. Anachonishinda ni droo. Spana zangu mimi zinalala ndani ya beseni la mke wangu.

Leo nimetafuta spana namba kumi mpaka mteja akachoka, akavuka barabara. Ilikuwa jikoni, chini ya sahani. Sijui ilifikaje.

Euphrasie, ndiye mke wangu, amelidai beseni lake. "Baba Naomie, iyo beseni ni ya kuoshea mutoto, hapana ya kutiamo mafuta yako machafu." Nikamjibu kwamba mtoto mwenyewe yuko likizo kijijini Wamaza kwa bibi yake. Akauliza, akirudi ataogea wapi? Nikajifanya nina kazi nje.

Lakini jambo kubwa ni hili. Papa Zakaria, mwenyekiti wa chama cha waendesha pikipiki, atapita Jumapili baada ya ibada kuchagua garaji moja ya kutunza pikipiki za chama. Zote! Ataangalia yangu na ya Muhindo. Kwa hiyo nahitaji sanduku. La maana, la bei nafuu, na kabla ya Jumapili.

Jumanne, 16 Julai

Nimezunguka soko zima. La chuma lenye droo lipo moja, limetoka Bukavu. Muuzaji alinitajia bei huku akicheka mwenyewe. Sanduku la plastiki, linang'aa kweli: nililifungua, bawaba ikabaki mkononi mwangu. Nikalirudisha mezani upande mzima ukitazama watu. Sanduku la bati la wanafunzi wa bweni lilikuwa zuri, lina hata kufuli. Nikatia nyundo ndani kulijaribu, kitako kikaenda na nyundo. Muuzaji aliona. Tumeachana vibaya.

Lilikuwepo pia sanduku la kijani la risasi, tupu, imara kuliko yote. Nikaliacha. Mwenye sanduku la namna hiyo lazima ataulizwa alikolitoa, na mimi nikiulizwa huwa nasema mengi.

Mchana akili imekuja. Mbao! Binamu yangu Pitchou ni seremala huko Wamaza, na mvule wa huko haujui mchwa. Nitakwenda kesho na spana zangu zote ili apimie, nitamwona na Naomie. Euphrasie amefurahi, amenipa gauni na sabuni nimpelekee mtoto. Muhindo ameniona nikitia mafuta kwenye pikipiki, akauliza safari ya wapi. Nikasema ni siri ya kazi. Akaniletea pampu yake ya mkono, eti njia ni mbaya. Nimeipokea bila kushukuru sana. Mshindani ni mshindani.

Jumatano, 17 Julai

Wamaza. Mgongo umekwisha. Naomie mzima, amenenepa, amejifunza kupiga mluzi na hanyamazi. Amenifundisha na mimi.

Pitchou anasema sanduku jipya litachukua wiki mbili. Nimekaribia kulia. Kisha nikaona kitu kwenye kona ya karakana, chini ya vipande vya mbao. Mvule mtupu! Rangi nyeupe, vishikio vinne, mfuniko uliokaa sawasawa. Nikauliza bei. Karibu bure. Nikauliza kwa nini. Pitchou akajikuna kichwa.

Ni jeneza. Liliagizwa kwa ajili ya mtoto wa jirani aliyekuwa hoi, watu wameshakata tamaa. Mtoto akapona, Mungu asifiwe, leo nimemwona akikimbiza mbuzi. Sasa hapa kwetu jeneza la mtu aliyepona halina mnunuzi. Wazazi wake wakifika karibu na karakana wanazunguka nyuma ya nyumba. Watu wanasema sanduku la namna hiyo linabaki linangoja.

Linangoja nini? Spana! Nimemwambia Pitchou atie vigawanyo ndani na trei juu. Ameung'oa msalaba mfunikoni. Alama imebaki, lakini ukipita haraka huioni. Amenisihi nilifunike kwa turubai na nimpigie simu Euphrasie mapema nimweleze. Turubai analikodisha, nimekataa. Simu inataka kupanda kilima kutafuta mtandao, nimechoka. Mama mkwe, Mama Cécilia, aliliona sanduku akamshika Naomie mkono, akaingia naye ndani, akafunga mlango. Hakutoka hata kunipa chakula. Wengine hawajui kupenda maendeleo.

Alhamisi, 18 Julai

Tumetoka asubuhi, mimi na sanduku, limefungwa nyuma kwa mipira ya tairi. Kwenye soko la njiani wanaume wakavua kofia. Kwanza nilidhani wananiheshimu mimi. Kisha mama muuza mihogo akajishika kichwa, akaangua kilio. Nilitaka kusimama nieleze. Kweli nilitaka! Lakini ulikuwa mteremko.

Mbele kidogo, kizuizi. Vijana waliofukia mashimo wamelaza mti barabarani, kila apitaye anatoa kitu. Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Mkubwa wao akaona mzigo wangu, akainua mti kwa mikono yake mwenyewe. "Mufu halipe njia, papa. Pita tu. Pole sana." Sikusema uongo. Niliinamisha kichwa, basi.

Nilipowapoteza machoni nikashuka, nikakata tawi bichi, nikalifunga mbele ya pikipiki kama tunavyofanya tukisindikiza maiti. Ile ya kwanza ilikuwa bahati. Hii ya tawi ni akili yangu. Kizuizi cha pili: pita. Cha tatu: pita, na mkungu wa ndizi juu.

Alasiri tairi limetoboka kwenye kijiji kimoja, hata jina lake sikuuliza. Kijiji kizima kilitoka. Wameziba tairi. Wamebeba sanduku hadi kanisani, wanne, mmoja kila kishikio, na mmoja akasema kwa huzuni kwamba mtoto ni mzito. Zilikuwa spana. Wakachinja kuku. Nikala, nilikuwa na njaa.

Shemasi akaja kukaa karibu nami, akauliza kama ni wa kike au wa kiume. Nikasema wa kike. Akauliza jina, apate kumwombea. Nikatafuta jina. Majina yamejaa duniani! Kinywa kikatoa Naomie.

Wanawake wakaanza kuimba, na katika wimbo wakalitia jina la mwanangu. Nikaliweka paja la kuku chini. Nikatoka nje nikalia machozi ya kweli. Wakanionea huruma, wakanifuata na paja lingine. Mke wa shemasi alikuwa pembeni anaongea na simu. Sikutilia maanani.

Ijumaa, 19 Julai

Naandika yote.

Tawi nililitupa kabla ya kuingia Kasongo. Mimi si mjinga. Nikaingia mtaani napiga mluzi, uleule wa Naomie.

Uwanjani kwangu kulikuwa na turubai. Viti. Masufuria juu ya moto. Wanawake wamekaa chini kwenye mikeka. Matanga! Nikasimamisha pikipiki, nikauliza nani amekufa. Niliuliza kweli, sikuwa nikijua. Wote walikuwa wanatazama nyuma yangu.

Mke wa shemasi ana dada hapa Kasongo. Dada ana simu, na Baba Naomie fundi anamfahamu.

Euphrasie alikuwa chini, nywele zimefumuliwa, miguu mitupu, mapajani kandambili za Naomie. Akainuka. Watu walitaka kumshika, akawasukuma. Akaja mpaka kwenye pikipiki, akaweka mikono yote miwili juu ya mfuniko, polepole, kwenye ile alama ya msalaba.

Nikapiga kelele kwamba ni spana. Sanduku la spana! Naomie mzima, anapiga mluzi! Nikakata mipira, nikafungua. Trei, spana, koleo, pampu ya Muhindo, ndizi. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akazabwa kofi.

Euphrasie hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisema, "Ulitaja jina ya mutoto wetu juu ya hii kitu?" Nikaanza kumweleza habari za vizuizi. Akafunga mfuniko. Kisha akasema, "Na sasa nitajua aje kama haudanganye tena?"

Simu ya mama mkwe haipatikani, kwa sababu hapandi kilima. Neno langu halikutosha. Mke wangu ameambiwa na baba wa mtoto kwamba mtoto yu hai, na hakuweza kuamini. Ilibidi aende aone.

Turubai lilikuwa la Muhindo. Kuni alikuwa amezipasua Muhindo. Alifunga garaji tangu asubuhi na mapema, wateja wakarudi. Ndiye aliyewasha pikipiki yake, akampakia Euphrasie na dada yake Rosine, wakaondoka Wamaza. Sanduku hakulitazama hata kidogo.

Jumapili, 21 Julai

Papa Zakaria amekuja. Garaji ya Muhindo imefungwa, mwenyewe hayupo, yuko njiani kwa ajili ya mke wangu. Nakiri kwamba nilivaa shati jipya.

Alisimama mbali, barabarani. Nikamfungulia sanduku, nikamwonyesha vigawanyo. Akavua kofia, nadhani ni mazoea tu, akairudisha haraka. Akasema hakuna mwendesha pikipiki wa Kasongo atakayepanda pikipiki iliyokazwa na spana zilizolala humo. Kazi amempa Muhindo. Garaji imefungwa, mwenyewe hayupo, na amempa!

Jioni nimeliosha beseni. Nimelisugua kwa majivu mpaka mafuta yote yametoka, likawa jeupe. Nimelianika mahali ambapo mtu akiingia ataliona. Hakuna aliyeingia.

Najuta. Naandika wazi bila kujitetea. Nawaona wale wanawake wakimwimbia mtoto wasiyemjua, na mimi natafuna. Naona mikono ya Euphrasie ikitafuta ile alama. Nimemkosea mno mama wa mtoto wangu, tena kwa sababu ya droo. Nyumba imepoa, hata redio sijafungua.

Jumatatu, 22 Julai

Muhindo amerudi, vumbi tupu. Walimkuta Naomie juu ya mti anapiga mluzi. Euphrasie alimshika, akamshika tena, hakumwachia mpaka mtoto akalalamika. Amebaki huko. Ametuma neno, na Muhindo alilitoa huku akitazama pembeni kwa haya.

Anasema sanduku nilirudishe kwa Pitchou mimi mwenyewe. Njiani nisimame kila mahali nilipopita na tawi, niseme kweli kwa kinywa changu, niombe radhi. Nikifika hivyo, atapanda pikipiki na mtoto, turudi nyumbani. Nisipofanya hivyo, nisihangaike kumfuata.

Nimekubali yote. Nimeapa mbele ya Muhindo, nikamshukuru, safari hii kweli kweli. Machozi yalitaka kunitoka. Akanipa mkono, akaniachia pampu tena. Mtu mwema yule. Nimekuwa mjinga kumchukia.

Jumanne, 23 Julai

Alfajiri. Kila kitu tayari. Sanduku limefungwa nyuma, tupu, jepesi. Spana nimezihamishia kwenye beseni. Kwa muda tu.

Nimefikiri juu ya kiapo. Nitakitimiza, hilo halina mjadala. Lakini kusimama kila kijiji, kueleza, kusikiliza matusi, yule kuku pengine watamdai: nitafika lini? Euphrasie ananisubiri. Kumchelewesha nako ni kumkosea. Halafu nasikia vijana wa vizuizini wamebadilishana zamu, hawa wapya hawanijui kabisa. Kuwaomba radhi watu ambao sijawadanganya itakuwa kuwachanganya bure. Nitawaeleza wote wakati wa kurudi, tukiwa na mtoto, wamwone kwa macho yao. Ni bora zaidi.

Tawi nimekata hapa hapa nyuma ya nyumba, la mwembe, lina majani mengi.

Lakini jina la Naomie sitalitaja tena maishani. Hilo limeniingia. Wakiuliza, nitasema ni mama mkwe. Sanduku ni fupi, lakini hata Mama Cécilia si mrefu.