Kwangu Inafunguka Vizuri

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya tatu tangu tovuti mpya iingie hewani. Tovuti yangu. Kampuni inauza samani, lakini sura yake sasa ni kazi ya mikono hii. Pazia jekundu linafunguka. Nyuma ya pazia, video ya droo inayofunguka na kujifunga yenyewe. Chini ya droo, picha arobaini na nane za vitanda, makochi na makabati, kila moja kubwa kama ilivyotoka kwenye kamera, maana mimi si mtu wa kuwabania wateja. Nikibonyeza kwenye kompyuta yangu, kufumba na kufumbua iko hapo.

Kasoro moja tu: wateja. Wanapiga simu tangu asubuhi. Mmoja alidai alifungua tovuti, akaenda kuoga, akarudi, pazia bado limefungwa. Nilimshauri anunue simu nyingine. Akakata bila kuaga.

Saa nne akaja Sekunde. Huyu ndiye dada wa kompyuta hapa ofisini. Jina hilo nimempa mimi, kwa sababu hatembei bila saa ya kupimia muda. Hata maji ya chai anayapima. Tovuti ya zamani aliitengeneza yeye, kwa hiyo wivu unamtafuna, namwelewa. Alikuwa ameipima yangu kila mahali. Kompyuta yangu: sekunde moja. Simu ya dada wa mapokezi: arobaini na moja. Kompyuta ya mauzo: ishirini na nane. Kwenye kivinjari anachotumia mhasibu, kochi la watu watatu limelalia kitufe cha Nunua na halitoki. Nilimwambia kwangu inafunguka vizuri. Akanijibu kwamba kwangu hakuna mteja.

Mkurugenzi alisikia yote. Akakata shauri mbele za watu: Ijumaa saa nne ataifungua mwenyewe. Ikizidi sekunde tano, tovuti ya zamani inarudi, na mimi narudi ghalani kubandika lebo kwenye magodoro. Nimebandika lebo miaka mitatu. Gundi ile ikishika nyusi haitoki. Sirudi ng'o.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamka na wazo. Kusubiri si tatizo. Tatizo ni kusubiri bila cha kutazama. Daktari wa meno anaweka magazeti. Mimi nitaweka kiti.

Nilimtoa fundi seremala karakana, nikamwomba azungushe kiti cha ofisini taratibu huku namrekodi. Mara kumi na nne, mpaka mwanga ulipokubali. Ya tisa aliniuliza kiti kimekosa nini. Saa nane mchana kiti kilikuwa kwenye tovuti, kinazunguka kwa madaha, na chini yake maneno: Vuta subira, tunakuandalia. Nilikitazama robo saa nzima.

Saa tisa, Sekunde tena. Akasema kiti ni kizito kuliko tovuti yote. Sasa mteja anaanza kwa kukisubiri kile kiti kinachomwomba asubiri. Simu ya mapokezi imefika sekunde sitini na saba. Kwenye kishikwambi cha muuzaji, kiti kinazunguka miguu juu, na wateja wawili wameuliza kama kinauzwa hivyo hivyo. Akapendekeza, kwa ule upole wake unaoudhi, tupunguze uzito wa picha na tuondoe pazia. Nikamwambia pazia litaondoka siku nitakayoondoka mimi. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Sikupenda alivyoandika.

Jumatano, 6 Machi

Ushindi! Makabati kumi na moja yameagizwa kupitia tovuti, ya milango mitatu, yote ndani ya dakika moja. Wiki nzima iliyopita tuliuza mawili. Nilipanda ngazi mbili mbili kumpelekea Mkurugenzi habari. Alivua miwani, akaisoma ile orodha mara mbili, akasema tutaona Ijumaa. Kwa Mkurugenzi, hayo ni maneno matamu.

Muuzaji alitaka kumpigia mteja ahakikishe. Nilimkataza. Mteja ukimpigia anaanza kufikiri. Yapakiwe kwenye lori, yaende kesho asubuhi, atalipa akishayaona. Anwani sikuisoma. Mtu mwenye makabati kumi na moja ya kujivunia hana muda wa anwani.

Sekunde alisema makabati kumi na moja kwa dakika moja si jambo la kawaida. Nikamwambia kuna watu hawajazoea mafanikio. Nilipita mbele ya meza yake mara nne bila shughuli yoyote.

Nyumbani, mama mkwe, ambaye yuko kwetu tangu Jumapili, alitaka kuniambia kitu kuhusu simu yake na tovuti yangu. Nikamwomba, kwa heshima zote, malalamiko tuyaache leo. Akacheka, akasema haya baba, na tukalala.

Alhamisi, 7 Machi

Nimerudi saa kumi na moja jioni. Sikuuona mlango wa nyumba yangu.

Makabati. Manne uani, matatu barazani, matatu sebuleni, na moja limekwama mlango wa jikoni. Mke wangu alikuwa upande wa pili wa hilo la jikoni. Alizungumza nami kupitia upenyo wa juu, polepole, neno moja moja. Namjua mke wangu. Akipaza sauti hakuna neno. Akizungumza hivi, kuna kazi.

Mama mkwe alikuwa ameketi barazani katikati ya mali yake, amefurahi kweli. Akanieleza. Alisikia ninavyoisifu kazi yangu, akaona anunue kabati moja, nguo za wajukuu zipate pa kukaa, na ofisini kwangu wajue kwamba mkwe wake anauza. Akabonyeza Nunua. Kimya. Akabonyeza tena. Alisema yeye alikuwa anabisha hodi tu. Ingekuwa kwa watu baki, angebisha mara tatu akajiendea zake. Lakini huku ni kwa mkwe wake, akaona si adabu kuondoka bila kuitikiwa. Akabisha mpaka ya kumi na moja.

Niliona aibu. Ya kweli, ya kushindwa pa kuweka macho. Mama wa watu ametaka kunipa heshima, nami nimemwacha kizingitini. Nikaingia ndani ya kabati moja, nikafunga milango yote mitatu, nikakaa.

Mle ndani nikakumbuka neno jingine alilosema mama mkwe: leo tovuti imefunguka upesi kwenye simu yake kuliko jana. Nikajipiga paja. Simu ikishaufungua ukurasa mara moja inazihifadhi picha. Mara ya pili haihangaiki. Mwenye akili kidogo angesema ndiyo maana kwangu inafunguka vizuri. Mwenye akili nyingi anasema: kesho simu ya Mkurugenzi iwe imeshaufungua kabla yake. Nikatoka kabatini mtu mpya.

Ijumaa, 8 Machi

Nilifika wa kwanza, na kitambaa na dawa ya kusafishia vioo. Nikatangaza kwamba leo nasafisha vioo vya simu za wafanyakazi wote, bure. Niliomba waziache wazi, nijaribu kama kioo kinaitikia kidole. Unafuta, unafungua tovuti, unangoja, unafuta tena. Simu kumi na nane. Ya Mkurugenzi niliifuta mara tatu, akanishukuru. Saa nne kasoro dakika tano kila simu ilikuwa tayari.

Saa nne Mkurugenzi akasimama katikati ya ofisi, kidole juu ya kioo kinachong'aa. Hapo hapo akaingia dereva wa lori. Akauliza yale makabati kumi ya nyumbani kwangu ayarudishe saa ngapi, kwani mama mkwe wangu anahitaji moja tu.

Ofisi nzima ikanigeukia. Mkurugenzi akairudisha simu yake mkobani bila haraka, akaomba ya dereva. Simu ya dereva ina ufa kutoka kona hadi kona na ilikuwa haijapita mikononi mwangu. Sekunde akabonyeza saa yake.

Sabini na tatu. Mhasibu alipata muda wa kupiga miayo miwili. Kiti kilitokea miguu juu.

Kumbe tangu Jumanne Sekunde alikuwa na nakala yake pembeni. Rangi zangu zile zile, droo yangu imekuwa picha iliyotulia, picha zote zimepunguzwa uzito, pazia hakuna. Simu ya dereva: sekunde tatu. Kompyuta ya mauzo: mbili. Kwa mhasibu kochi likahama, kitufe kikaonekana. Watu wakapiga makofi. Nilikuja kushtuka na mimi napiga.

Mkurugenzi akaanza kulitaja ghala, Sekunde akamkatiza. Alisema rangi ni nzuri, mpangilio ni mzuri, mwenye kazi apewe nafasi. Nilikuwa nimemwita mwenye wivu wiki nzima. Mkurugenzi akafikiri, akatoa sharti: wateja mia moja ishirini na sita waliolalamika wajibiwe kwa barua pepe kabla ya kesho saa sita mchana. Mistari miwili tu, pole na asante. Nikifanya hivyo, meza ni yangu. Nikiharibu, Jumatatu nikaripoti kwenye magodoro. Nimeapa mbele ya wote.

Jumamosi, 9 Machi

Mistari miwili ni dharau. Mtu aliyeudhiwa anataka kuiona sura ya anayemwomba radhi.

Nimejirekodi. Dakika tisa. Nimevaa suti, natembea taratibu kati ya vitanda, kinanda kinalia nyuma, na mwishoni nainamisha kichwa. Fundi seremala alishika kamera. Alikubali baada ya kuhakikishiwa kwamba hakuna kitu cha kuzungusha. Sikupunguza chochote, maana radhi haipunguzwi. Nikaijaribu kwanza kwenye kompyuta yangu, ikacheza bila kukwama hata mara moja. Saa tano na nusu nikawatumia wote mia moja ishirini na sita kwa mpigo, pamoja na Mkurugenzi.

Sasa ni saa sita kasoro robo. Tangu hapo hakuna barua pepe ya mtu yeyote inayotoka wala kuingia ofisi nzima. Bila shaka ni wingi wa shukrani. Sekunde ametoka chumbani kwake mbio, jambo ambalo sijawahi kuliona, na anakuja kwangu. Nimemfungulia mlango na kuirudisha video mwanzo, aitazame yote bila kukosa kipande.