Majibu ya Rangi ya Waridi

Genivaldo hakuwahi kukanyaga chumba cha mtihani wa taifa, na hilo halikumzuia kuuza majibu yake. Alikuwa sokoni mjini Caruaru akila tapioka, chapati ya muhogo, aliposikia wazazi wawili wakigombania mwalimu wa fizikia, akajua riziki imebisha hodi.

Mteja wa kwanza alikuwa Daktari Aderbal wa meno, ambaye mwanawe angekuwa daktari, apende asipende.

"Hesabu na sayansi, yote?" alinong'ona. "Ya kijitabu cha rangi gani?"

Jasho likamtoka Genivaldo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba vijitabu vya mtihani vina rangi nne, maswali yale yale, mpangilio tofauti. Lakini yeye si mtu wa kuduwaa.

"Nilikuwa nalingoja swali hilo, daktari. Kila rangi na bei yake."

Aliwauzia nusu ya mji njano, buluu, kijivu na waridi, akiandika A, D, B popote kalamu ilipomtuma, kitabu cha mitihani ya zamani kwapani ili aonekane msomi. Kufikia Ijumaa alikuwa na mkoba ulionona na tiketi ya basi la Maceió. Ndipo akaja Jucilene, mwanafunzi wa kozi ya maandalizi ya mtihani huo, akimenya chungwa.

"Kaka, wewe unauza uongo. Mimi ninayo kanuni yenyewe. Herufi zinapangwa kwa mtindo mmoja miaka yote. Hicho kitabu cha mitihani ya zamani unachojishaua nacho, kifungue. Taja mwaka, rangi, namba."

Akataja.

"C," akasema Jucilene.

Genivaldo akageuza kurasa za nyuma. C. Akajaribu swali la sumaku, la pembetatu, la chembe za urithi. Msichana alipatia yote bila kuacha chungwa lake.

"Mbona huitumii mwenyewe?"

"Niliitumia, nikafaulu mwaka jana. Nafasi ya chuo ikanipita kwa kukosa kodi ya chumba Recife."

Genivaldo aliwajua matapeli wote wa jimbo la Pernambuco, na kwake yeye mtu mwenye majibu ni mtu aliyeyaiba. Kwamba binadamu anaweza kukaa miaka mitatu akirudia maswali yale yale mpaka ayajue kama sala, wazo hilo halikumpitia kabisa. Aliona kanuni isiyozeeka, na yeye akiivuna kila mwaka mpaka meno yamtoke.

"Unataka nini?"

"Mkoba."

"Wote? Dada, huna hata chembe ya huruma?"

"Kanuni yote, mkoba wote. Mjomba wangu ni msimamizi wa mtihani. Jumapili, siku ya mtihani, langoni pa shule, kabla ya saa saba. Akiziona pesa, atakuletea karatasi ya kanuni mwenyewe."

Maskini wa Mungu, akaliacha basi liende.

Jumapili mtaa ulijaa wauza maji, wauza kalamu nyeusi, na wale wanaokuja na viti kila mwaka kuwacheka wanaochelewa. Jucilene akapokea mkoba, akamkumbatia, akaingia. Genivaldo akangoja. Saa saba kamili mlinzi akasukuma lango likafungwa.

"Bwana, mwenzangu yumo ndani! Dakika moja tu!"

"Likifungwa limefungwa, hata aje askofu."

Viti vikashangilia. "Kachelewa! Kachelewa! Lia basi, babu!"

Jucilene akageuka uani. "Kaka! Kanuni ndiyo hii: fanya maswali yote ya zamani. Ukimaliza, rudia. Nitakukumbuka Recife!"

Genivaldo akazishika nondo za lango kwa mikono miwili. Nyuma yake akasikia sauti ya Daktari Aderbal, akiongea na mke wa hakimu.

"Ajabu, mama. Waridi yangu inaanza na A."

"Yangu inaanza na D, daktari. Na nimelipia waridi hiyo hiyo."

Lango halikuwa la kufunguka, na nyuma viti vilikuwa vimeziba njia yote. Genivaldo akaanza kulia, machozi ya kweli kabisa, na watu wakasimama kumpigia makofi. Miaka yote waliyokuja pale, walisema, hawajawahi kumwona mchelewaji mwenye uchungu wa masomo kama huyu.