Mke Mwenza wa Kabatini

Leo nimeadhirika Goba, saa tano asubuhi, mwanga wote upo na mashahidi wapo.

Usiku sikulala. Swali lilikuwa moja tu: niwaambie ukweli, au niisifu filamu yao nipate kazi? Kampuni moja ndogo ya filamu inatafuta msomaji wa miswada, na usaili wao uko hivi: unafika ofisini, unatazama filamu yao mpya, unatoa maoni. Filamu yenyewe ni ya kutisha. Wameitengeneza upya kutoka kwenye filamu ya zamani ya huko Asia ya mbali, inayohusu mwanamke aliyekufa na mzimu wake unaishi ndani ya kabati la nguo.

Ile ya zamani mie naijua. Niliitazama mara tano nikiwa darasa la sita (mara mbili nilitakiwa niwe tuisheni). Kwa hiyo niliandika kurasa nne za maoni kabla hata ya kuiona hii mpya. Nikazichana. Nikaziandika tena, zilezile. Nimemaliza chuo miaka miwili iliyopita, na hawa ndio watu wa kwanza kuniita kwenye usaili. Mama amewaambia majirani wote.

Wasailiwa tulikuwa wawili. Mwenzangu anaitwa Salma, alikuja na mfuko wa bisi (usaili, na bisi). Mwenye kampuni, ambaye ndiye mwongozaji pia, ni dada Neema, mpole, anaandika sana na haongei sana.

Tukatazama. Jamani. Familia ya Goba imekaa sebuleni na masweta. Nje jua la Februari linachoma mabati, ndani wanaota moto kwenye meko ya ukutani. Mzimu unatoka kabatini taratibu, kama mgeni anayeona aibu kuuliza choo kiko wapi. Halafu sasa, huyo mzimu wamemfanya dada wa baba mwenye nyumba. Dada! Hapo ndipo nilipoacha kujiuliza kama niseme ukweli.

"Kaka Idrisa, tuanze na wewe," alisema Neema.

Nikasimama (hakuna aliyeniambia nisimame).

"Filamu ya kurudia ni kama mjukuu aliyepewa jina la babu," nikasema. "Akiwa na tabia zake, ruksa. Akimkana babu, mnyang'anyeni jina. Nyie mmemkana babu."

"Kwa lipi?"

"Mke mwenza yuko wapi?"

"Mke mwenza gani?"

"Yule mzimu. Kwenye filamu ya asili ni mke mkubwa. Mume alimfungia kabatini siku anamleta mke mdogo. Ndiyo maana anatoka anauliza, 'Mume wangu, huu wali kapika nani?'"

Neema akaandika kitu. Nikajua nimemkamata. Nikaongeza sauti.

"Na mmefuta sehemu bora kuliko zote. Mzimu unageuka, unatutazama usoni, unasema, 'Nyie mnaochungulia dirishani, nawaona. Lipeni muingie.' Pale mwongozaji wa asili alivunja ukuta kati ya hadithi na mtazamaji. Dirisha ni dhamiri. Malipo ni dhambi zetu."

(Kurasa mbili kati ya zile nne zilihusu dirisha hilo.)

Salma akaacha kutafuna.

"Kaka Idrisa," alisema Neema, "uliitazamia wapi?"

"Gongo la Mboto."

"Kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

Nilisikia jibu langu likitoka, na kabla halijafika kwao nilishaelewa. Niliitazamia kwenye kibanda umiza, kile cha mabati na mabenchi, ambako DJ Kibuyu alikaa pembeni ya televisheni na maiki, anatutafsiria kila anayefungua mdomo. Mwanamke, polisi, mtoto, wote sauti ya Kibuyu. Kwamba anatafsiri nilijua, shahada ya fasihi ninayo. Sikuwahi kujiuliza kama lugha yenyewe anaijua.

Neema hakubishana nami. Aliitafuta filamu ya zamani kwenye kompyuta yake, akaiwasha kwenye projekta, akaipeleka mpaka pale mzimu unapogeuka. Mwanamke akatutazama. Midomo ikafunguka mara moja, ikafumba. Neema akasoma maandishi ya chini, akatufasiria: "Kaka, nina baridi."

"Sasa hapo 'lipeni muingie' inaenea wapi?" akauliza Salma.

"Labda ilikatwa," nikasema (nilisema hivyo kweli).

"Kwani huko Gongo la Mboto, dirishani kulikuwa na nani?"

"Watoto. Waliokuwa wanachungulia bure."

"Na wewe?"

"Siku mbili nililipa."

Salma alicheka mpaka bisi zikamwagika. Neema alijizuia, na kujizuia kwake kuliniuma zaidi.

"Asante kaka. Tutakupigia."

Mwenye umri wangu anajua maana ya tutakupigia. Nikatoka mpaka getini. Nikaanza kutunga kichwani ujumbe wa kuomba radhi, aya tatu, baadaye tano. Halafu nikakwama kwenye lile neno, baridi. Kumbe masweta yametoka huko. Meko yametoka huko. Wameogopa kugusa sentensi moja ya wenyewe, wakaivalisha Goba nzima sweta ili sentensi ikae. Kibuyu, ambaye hakuelewa hata neno, alijua angalau sisi tunaogopa nini.

Kwa kawaida jambo kama hili ningeliwaza wiki mbili, kisha nimwambie Mama kazi ilikuwa na mwenyewe. Nikageuka. Nikarudi ndani bila kubisha hodi.

"Dada Neema, samahani. Filamu ya asili sijawahi kuitazama. Yote niliyosema kuhusu hiyo nayafuta. Lakini ya kwenu nimeitazama leo, na haitishi. Dada mtu mwacheni, ni sawa. Ila dada wa hapa aliyekufa, akirudi akamkuta kaka yake kajenga nyumba Goba, hatasema ana baridi."

"Atasema nini?"

"Ataulizia hati ya kiwanja cha baba."

Hakuna aliyecheka. Salma aligeuka akaliangalia kabati la ofisi.

"Kaa," alisema Neema. "Amkute wapi huyo kaka yake?"

Nikakaa. Majibu ya kazi ni wiki ijayo. Wanaotaka kunicheka naomba wasubiri siku hiyo, wacheke mara moja kwa yote.