Kambi ya Yoga ya Masjala na Wananchi Wanaotafuta Mafaili

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: WANANCHI KUVURUGA KAMBI YETU YA YOGA ILIYOPO MASJALA

Shikamoo. Najua barua za kiofisi hazina shikamoo, lakini mimi nimelelewa, na mwenye malalamiko mazito kama yangu hana budi kuanza kwa adabu, maana huko mbele sijiamini.

Mimi ni karani wa masjala, chumba cha mwisho kwenye korido ya chini, mlango wenye kitasa kinachozungukia kushoto. Una miezi miwili tu hapa, kwa hiyo sikulaumu kwa kutonijua. Mtangulizi wako alikaa miaka saba na hakunijua vilevile, tukaishi kwa amani.

Mgongo wangu umenisumbua kwa miaka mingi, na mwanzoni mwa mwaka huu uligoma kabisa. Niliinama kuokota pini, nikabaki hivyohivyo mpaka mhudumu wa chai aliponikuta akanisimamisha kama ngazi. Daktari akasema nisipopata mapumziko ya kweli pamoja na mazoezi ya yoga, nitastaafu nikiwa nimepinda. Nikaanza kutafuta kambi ya yoga ya mtu wa mshahara wangu. Ya kwanza iko mlimani, picha zake nzuri mno, lakini bei yake ya siku tatu ingeniezekea nyumba na banda la kuku. Ya pili ilikuwa rahisi: unakuja na godoro lako, chakula chako, maji yako, na ikiwezekana mwalimu wako. Ya tatu ilikuwa bure kabisa, nyumbani kwa wifi yangu, kwa sharti kwamba kati ya zoezi na zoezi nimwangalizie mapacha. Nilirudi kutoka kwa wifi nikiwa nimepindia upande wa pili.

Ndipo siku moja, nikiwa nimejilaza nyuma ya rafu ya nne kusubiri maumivu yapite, nikasikiliza. Hakuna simu. Hakuna mtu. Dirisha moja, mwanga wa wastani, zulia kuukuu, hewa yenye harufu ya karatasi zilizotulia. Wenzetu wanalipa fedha nyingi kwenda mahali ambapo hakuna kinachotokea, nami nilikuwa nimeajiriwa humo kwa miaka kumi na tisa! Nilicheka peke yangu mpaka mgongo ukaniuma tena.

Kambi ikaanza wiki hiyohiyo. Tuko wanne: mimi, mhudumu wa chai, dereva wa ofisi, ambaye gari lake lina mwaka mzima gereji, na yule mzee wa mapokezi tunayemwita Muhuri, kwa sababu hauachi muhuri wake hata anapokwenda msalani. Mwalimu wetu ni kijitabu chenye michoro. Tulikuwa tunaendelea vizuri, nami nilikuwa nimeanza kufunga viatu vyangu mwenyewe. Sasa tangu uje wewe, kambi haina raha, na malalamiko yangu ni haya:

1. Wananchi wanatafuta mafaili. Sijui nani amewaambia yapo. Zamani mtu akija, Muhuri alimwambia njoo kesho, naye alikuwa na busara ya kuelewa. Tangu ubandike tangazo lako la huduma ndani ya siku moja, wanaingia mpaka ndani, na viatu, katikati ya pumzi.

2. Mama mmoja mwenye mwavuli amekuja mara kumi na moja kutafuta faili la kiwanja chake. Mara ya tisa nilimwonea huruma, nikamtandikia mkeka, nikamwambia avute pumzi taratibu huku akihesabu mpaka nne. Akaniambia, "Mwanangu, pumzi ninayo. Nimekuja kuchukua hati." Maneno hayo yalimtoa dereva kwenye utulivu alioutafuta kwa dakika arobaini. Mara ya kumi alijilaza mwenyewe, akakoroma mpaka saa ya kufunga. Hilo nalo ni lalamiko, maana hajajiandikisha.

3. Wewe mwenyewe. Jumanne iliyopita uliingia bila kubisha tukiwa kwenye mkao wa mwisho, ule wa kulala chali bila kutikisika, ukapiga ukunga kwamba wafanyakazi wako wamekufa. Ukatutikisa mmoja mmoja. Muhuri alikuwa amekaribia kufika mahali ambapo mtu haukumbuki mshahara wake, ukamrudisha. Tulitarajia utatuomba radhi. Badala yake uliagiza mafaili yote yapangwe kwa alfabeti ifikapo Jumatatu, na chumba kiachwe wazi.

4. Kwenye alfabeti naomba unisikilize kwa makini. Mafaili yamepangwa, tena kwa utaalamu. Migogoro ya mipaka ni minene kuliko yote, hiyo hukaa chini ya nyonga. Mirathi imelainika kwa kushikwashikwa, hiyo ni ya kichwa. Malalamiko ya wananchi ni membamba kwa sababu hayajawahi kujibiwa, hayo ni ya visigino. Ukileta alfabeti, mtu ataweka kisigino juu ya mirathi na kichwa juu ya mgogoro, aamke mgonjwa kuliko alivyolala. Nani atawajibika?

5. Kompyuta. Nasikia inakuja, na kwamba itatoa faili la mtu kabla hajamaliza kutaja jina la babu yake. Haraka haraka haina baraka, Mkurugenzi. Mtu akipata faili lake leo, kesho atakuja na shida nyingine, na keshokutwa atawaleta ndugu zake. Miaka kumi na tisa nimewakinga wafanyakazi wa jengo hili dhidi ya kazi, na sijawahi kudai posho ya hatari. Isitoshe, faili lililokaa humu miaka mingi, mwenyewe ameshazoea kuishi bila hilo. Kwa nini tumvurugie?

Kwa hiyo naomba wananchi wavue viatu. Maombi yao yasukumwe chini ya mlango, yasubiri. Uhasibu, ambao uko juu yetu, uache kuburuza viti. Na kama kweli ofisi na kambi haziwezi kukaa pamoja, basi haki itendeke: ofisi ndiyo ihame. Sisi tunahitaji chumba hiki na kimya chake. Ofisi inaweza kutofanya kazi popote.

Nasema haya kwa moyo wangu wote. Ukituondoa Jumatatu, sina pengine pa kunyooshea mgongo huu. Hela ya mlimani sina, na kwa wifi sirudi.

Nisikuchoshe. Nakutakia pumzi ndefu. Msalimie mama watoto, katibu muhtasi wako, mhasibu na viti vyake, mlinzi wa getini, na wananchi wote walioko kwenye benchi. Waambie wasiinuke, wakiinuka watapoteza nafasi.

Wako mtiifu, na aliyenyooka kiasi,

Karani wa Masjala
(pia Mwenyekiti wa Kambi)

Nyongeza: Nikitafuta kitu kigumu cha kuwekea karatasi ili nitie sahihi, nimevuta faili ninalolilalia kila siku. Lina jina langu. Ndani mna ombi langu la likizo ya siku sitini na fedha za matibabu ya mgongo, nililoliandika miaka mitano iliyopita, nikadhani limekataliwa. Mtangulizi wako ameandika kwa wino mwekundu: "Amekubaliwa. Karani wa masjala amwarifu mhusika leo hii." Karani ni mimi, mhusika ni mimi. Faili lilirudi kwangu nikalipanga bila kulitazama, maana karani mzuri hachungulii mambo ya watu. Nimelia, nikacheka, nikalia tena. Wenzangu sasa wanafungua kila walichokuwa wamelalia. La mama wa mwavuli limepatikana chini ya nyonga ya dereva, na Muhuri ametoka mbio kumkimbilia, muhuri kauacha mezani. Lete kompyuta, Mkurugenzi, lete hata mbili. Ila jibu la likizo yangu nakuomba sana unipe mkononi. Usilipitishe masjala.