Uhamisho wa Madamu Ndaki

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi. Mwenyekiti wa Kamati ya Ufuatiliaji wa Maabara, ambaye pia ni mimi. Waheshimiwa sungusungu, mama lishe, wafugaji mlioacha ng'ombe machungani, na nyinyi kidato cha nne mnaofanya mtihani wa kemia Jumatatu: mwangaluka! (Mwangaluka!)

Niseme ukweli, kemia nilipata F, tena F ya kustahili, lakini kutokana na semina, warsha na makongamano nilimokula chapati kuanzia Lagangabilili hadi Bariadi, nimejengewa uwezo wa kuzindua maabara hii ya kisasa, yenye utekelezaji wa asilimia tisini na nane, ambamo msumari wa chuma utatumbukizwa kwenye maji ya bluu ya salfeti ya shaba, chuma kiingie majini, shaba itoke ing'ang'anie msumari, na ile bluu ipauke, kwa sababu chuma kina nguvu kuliko shaba, kama mimi nilivyo na nguvu kuliko mtendaji. (Kicheko. Mtendaji hacheki.)

Sasa kuna maneno yanasambazwa. Eti nimemfukuza mwalimu wa kemia, Madamu Ndaki. Jamani! Alikuja mwenyewe ofisini akaniambia, "Mheshimiwa, tusaidie kwenye uhamisho, mtihani umekaribia." Mimi mtu wa watu, nikapiga simu hapo hapo, na wiki haikuisha Madamu yuko Nkoma na godoro lake. Ningejuaje kwamba uhamisho ni mada ya kemia, hiyo hiyo ya chuma kuitoa shaba majini? (Miguno.) Alipanda gari analia, nikadhani ni furaha.

Hata hivyo tuongozwe na sayansi. Redoksi inasema mmoja akipoteza elektroni, mwingine anapata. Sisi tumepoteza, Nkoma wamepata. Kimkoa hesabu imekaa sawa. (Makofi ya mtu mmoja. Ni shemeji yangu.)

Ndiyo, Joyness wa kidato cha nne, uliza.

"Mheshimiwa, shaba haitoki mpaka chuma kiingie. Madamu ametoka. Nani ameingia?"

(Mtendaji anacheka. Uso wangu unageuka rangi.)

Swali zuri sana, mwanangu. Limepokelewa. Kwa sasa ameingia mchakato.

Maabara juu! (Juu!) Msumari juu! (Juu!) Mwenyekiti juu zaidi! (Kikohozi.)

Wabeja sana kwa kuvumilia jua hili. Maabara ingekuwa imejengwa, tungekaa kivulini mwake. Na Jumatatu, vijana wangu, mkiulizwa mliona nini kikibadilika rangi, andikeni: mwenyekiti.